Miezi Tisa na Neno Moja

Mwulize mtu yeyote ni neno gani la Kiingereza lililo gumu kuliko yote kuingizwa katika kamusi, naye huenda akakutajia jina refu la ugonjwa au istilahi ya kisheria iliyotoka Kilatini. Watunzi wa kamusi wenyewe hawatakubali. Jina la ugonjwa lina maana moja, na daktari akiulizwa ataieleza chai haijapoa. Neno linalowatoa jasho ni lile analolijua kila mtoto wa miaka mitatu: run.

Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Kiingereza inayotungwa Oxford, alikaa na kitenzi hicho kwa miezi tisa. Mwaka 2011 kazi yake ilipojulikana kwa umma, run kikawa ndicho kitenzi chenye maana nyingi kuliko vyote katika kamusi hiyo: maana 645. Katika toleo la 1989 ubingwa ulikuwa wa set, ambacho maelezo yake yalifika maneno 60,000 hivi, yaani kitabu kizima juu ya neno moja la herufi tatu. Wahariri walipoanza kuipitia upya kamusi yote, make kikakipita set mwaka 2000, put kikachukua nafasi mwaka 2007, kisha run kikaviacha vyote nyuma.

Ufundi wa mtu kama Gilliver haupimwi kwa wingi wa maneno anayoyajua. Upo katika kulisikiliza neno ambalo wengine wote wamekwisha kuacha kulisikia. Sisi wasemaji tunalitumia neno la kila siku bila kulitazama, na ndiyo maana linatuhudumia vizuri. Yeye hulisimamisha, akauliza: hapa limefanya kazi gani, na pale je, ni kazi ileile?

Samuel Johnson aliuona ugumu huo mapema. Kamusi yake ilitoka London mwaka 1755 ikiwa na vidahizo zaidi ya 42,000, naye aliitunga nyumbani kwake Gough Square akisaidiwa na wanukuzi sita. Katika dibaji aliviorodhesha vitenzi vilivyomsumbua, vyote vifupi, vyote vya kila siku, na run kimo. Alieleza kwamba maneno ya aina hiyo hubadili uhusiano wao kila saa maadamu lugha iko hai, hata kuyanasa katika kamusi ni sawa na kuchora miti inayotikiswa na dhoruba kwa kutazama taswira yake majini. Baada ya kusema hayo alirudi mezani akaendelea. Kitenzi take peke yake alikigawa katika maana 134, zikajaza kurasa tano.

Aliyeigeuza kazi hiyo kuwa ya mkono na macho ya maelfu ya watu ni James Murray, Mskoti aliyeacha shule akiwa na miaka 14 na kujisomea mwenyewe mpaka akawa mwalimu. Mwaka 1879 alikabidhiwa uhariri wa kamusi ambayo Chama cha Filolojia cha London kilikuwa kimeiwaza tangu mwaka 1857. Pamoja na uhariri alikabidhiwa karatasi zenye uzito wa tani mbili hivi, zilizokusanywa na wasomaji wa kujitolea. Gunia moja lilikutwa na panya aliyekufa, jingine na panya hai pamoja na watoto wake.

Karatasi hizo ndizo uti wa mgongo wa kazi yote. Kila moja ina ukubwa wa sentimita 15 kwa 10 hivi. Kwenye kona ya juu kushoto linaandikwa neno. Chini yake unafuata mwaka, jina la mwandishi, jina la kitabu na ukurasa, kisha sentensi nzima ambamo neno limetumika. Hakuna maoni ya msomaji, hakuna fasili. Ni ushahidi tu: mtu fulani, mwaka fulani, alilitumia neno hili hivi. Murray alijenga kibanda cha mabati katika uwanja wa shule aliyofundisha huko Mill Hill, akatia ukutani visanduku 1,029 vya kupangia karatasi. Watoto wake 11 walikua wakizipanga kwa alfabeti ili wapate senti za matumizi.

Hapo ndipo alipogundua tatizo ambalo kila anayekusanya maneno hulikuta. Wasomaji walikuwa wameombwa wanukuu maneno yaliyowavutia, nao wakavutiwa na maneno adimu. Kwa neno abusion, ambalo Waingereza walikuwa wamekwisha kulizika, karatasi zilifika 50 hivi. Kwa abuse, neno lililo hai mdomoni mwa kila mtu, hazikufika tano. Msomaji mwenye bidii alipita juu ya neno la kawaida kama mpita njia anavyopita juu ya kokoto. Ilibidi Murray na wasaidizi wake warudi vitabuni kuyasaka maneno ya kawaida wao wenyewe, na akawasihi wasomaji walete nukuu za maneno ya kila siku, hasa pale ambapo sentensi yenyewe inasaidia kuifichua maana.

Sasa tuzitandaze mezani karatasi chache za run. Ya kwanza: mtoto anakimbia kwenda dukani. Ya pili: mto unatiririka kuelekea baharini. Ya tatu: pua inatoka kamasi. Ya nne: shati jekundu limechuja rangi ndani ya beseni. Ya tano: mtu amesahau bomba wazi, linamwaga maji usiku kucha. Ya sita: injini inafanya kazi. Ya saba: mwanasiasa anagombea ubunge. Ya nane: mama mmoja anaendesha hoteli. Ya tisa: basi linakwenda kutoka Tanga hadi Moshi kila asubuhi. Ya kumi: barabara inakwenda kutoka Tanga hadi Moshi. Ya kumi na moja: mkataba unadumu miaka mitatu. Mwingereza hutumia run kwa zote kumi na moja, wala hahisi kwamba amefanya jambo la ajabu.

Mtunzi anaanza kuchambua. Mto, pua, shati na bomba zinaelekea kukaa pamoja kwa sababu zote zina majimaji yanayosogea. Lakini ukitazama vizuri, mto ukitiririka, kinachosogea ni mto wenyewe, kwa kuwa mto ni maji. Pua haisogei. Inabaki usoni, kamasi ndiyo inayoteremka. Shati nalo limebaki ndani ya beseni, rangi ndiyo iliyotoka. Rundo moja limekwisha kuwa mawili: kile kinachotoka, na kile kinachotokwa. Msemaji wa Kiswahili anaujua mgawanyo huo bila kufundishwa, maana husema damu inatoka, lakini mtu anatokwa na damu. Bomba je? Likitajwa bomba, linakusudiwa chuma au maji yaliyomo? Karatasi hiyo moja inaweza kukaa mkononi mwa mhariri muda mrefu kuliko nyingine zote, na uamuzi wake hautaonekana na msomaji yeyote isipokuwa kama nambari ndogo pembeni mwa fasili.

Basi na barabara ni mtego mwingine. Sentensi zao zinafanana neno kwa neno, ila kiima. Basi linasogea, barabara imelala palepale. Mtu anaweza kuridhika hapo, lakini mtunzi hodari anaongeza swali: mara ngapi kwa siku? Swali hilo linaingia vizuri kwenye basi, na kwenye barabara halina maana. Kisha anaongeza la pili: je, sentensi ya basi inabaki kuwa kweli usiku, basi likiwa limeegeshwa gereji? Naam, inabaki kweli. Kwa hiyo hata karatasi ya basi haizungumzii mwendo uliopo. Inazungumzia huduma iliyopangiwa ratiba. Barabara nayo inazungumzia upande inakoelekea na mahali inapofika. Maswali mawili mafupi yamezaa maana mbili tofauti, na kila moja sasa inaweza kuandikiwa fasili inayosimama.

Vipimo vya aina hiyo ni vingi, na mhariri huvitumia kimoja baada ya kingine. Kuna kipimo cha kinyume: kinyume cha injini inayofanya kazi ni injini iliyozimwa, kinyume cha mto unaotiririka ni mto uliokauka, na kinyume cha mgombea ni aliyejitoa. Vinyume vikitofautiana, aghalabu na maana zinatofautiana. Kuna kipimo cha kisawe: weka neno jingine mahali pake uone kama sentensi inabaki na afya. Kuna kipimo cha yambwa: mtu anakimbia bila kuhitaji kitu, lakini anayeendesha lazima awe na kitu anachokiendesha. Na kuna kipimo cha kuunganisha, ambacho ni kitamu zaidi kukionja kwa Kiswahili. Sema: jana alipiga pasi, simu na mtoto wake. Umecheka, au umeshtuka. Kicheko hicho ndicho kipimo. Kimekuonyesha kwamba piga tatu zimelazimishwa kukaa chini ya kitenzi kimoja nazo zimekataa.

Hata hivyo vipimo havimalizi ubishi. Miongoni mwa watunzi wa kamusi wapo wenye tabia ya kugawa na wapo wenye tabia ya kuunganisha. Mgawaji akiona kivuli cha tofauti anafungua maana mpya. Muunganishaji huvumilia mpaka aone tofauti isiyofichika. Mgawaji akiachiwa uhuru wote, msomaji atapotea katika vijimaana mia saba visivyokumbukika. Muunganishaji akiachiwa, basi na barabara vitalala chumba kimoja. Mhariri mzuri anazo tabia zote mbili, na anajua saa ya kuitumia kila moja. Kory Stamper, aliyekuwa mtunzi katika kampuni ya Merriam-Webster ya Marekani, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2017 jinsi alivyokaa mwezi mzima akichambua take peke yake. Alipokutana na Gilliver akasikia habari ya miezi tisa ya run, aliona kwamba amekutana na mzee wa kazi.

Maana zikishapangwa, bado hazijaandikwa. Fasili ina masharti yake. Isiwe ngumu kuliko neno lenyewe, kosa ambalo Johnson anakumbukwa kwalo hadi leo kwa jinsi alivyoeleza neno la wavu kwa maneno ambayo msomaji angeyahitajia kamusi nyingine. Isizunguke, yaani kukimbia kusielezwe kwa mbio na mbio zisielezwe kwa kukimbia. Tena ienee kila kinachohusika na ikifungie nje kila kisichohusika.

Jaribu kuyatimiza masharti hayo kwa maana iliyo nyepesi kuliko zote, ile ya mtoto anayekwenda dukani. Wengi tutaanza na kasi: kukimbia ni kwenda haraka kwa miguu. Fasili hiyo inavunjika papo hapo. Mzee anayekimbia polepole ufukweni alfajiri kwa ajili ya afya anapitwa na kijana anayetembea kwa haraka kuwahi basi, na bado mzee ndiye anayekimbia na kijana ndiye anayetembea. Wanariadha wa mashindano ya kutembea huwapita wakimbiaji wengi wa kawaida, na mwamuzi hawapimi kasi. Anatazama miguu. Anayetembea huwa na mguu mmoja chini wakati wote. Anayekimbia, katika kila hatua, kuna nukta ambapo miguu yote miwili iko hewani. Mpaka kati ya kutembea na kukimbia umechorwa pale, kwenye nukta ambayo jicho halikai juu yake. Kamusi nzuri za Kiingereza huitaja miguu, si kasi peke yake, na yeyote anayesoma fasili hiyo kwa mara ya kwanza hutambua kwamba amekuwa akiujua ukweli huo tangu utotoni bila kuwahi kuusema.

Kamusi ya Oxford ina sharti jingine, la historia. Maana hupangwa kwa kufuata umri wake, kuanzia nukuu ya zamani kuliko zote, ili msomaji aone neno lilivyotambaa kutoka maana hadi maana. Katika run, uchimbaji huo unafika kwenye vitenzi viwili vya Kiingereza cha kale. Kimoja kilimaanisha kukimbia au kutiririka, cha pili kilimaanisha kukifanya kitu kikimbie, kama ambavyo sisi tuna kukimbia na kukimbiza. Waskandinavia walioingia Uingereza walileta jamaa zake wa kwao. Katika karne zilizofuata vyote vikayeyuka vikawa kitenzi kimoja. Ndiyo maana leo run kinaweza kutembea bila yambwa na kinaweza kubeba yambwa, kinamfaa mtoto anayekimbia na kinamfaa mama anayeendesha hoteli.

Kisha zikaja mashine. Kinu kikawa na mwendo, treni ikawa na safari, injini ikawashwa na kuzimwa, na kila mara Waingereza walikinyoshea mkono kitenzi kilekile cha zamani badala ya kuunda kipya. Kompyuta zilipofika, programu nazo zikapewa run. Mtu anayebofya kitufe leo ili programu ianze anatumia neno lililokuwapo kabla hakujawa na saa ya ukutani. Neno la kawaida lina tabia hiyo: halina kiburi, linakubali kazi yoyote linayopewa, na kwa kukubali linazidi kuwa zito mikononi mwa anayeliandikia kamusi.

Kazi ya visawe ni pacha ya hiyo, ila inatembea kinyumenyume. Mtunzi wa kamusi huanza na neno akatafuta maana. Mtunzi wa visawe huanza na wazo akauliza: ni maneno gani yanayolihudumia? Peter Mark Roget, daktari wa London aliyezaliwa mwaka 1779, alianza orodha yake ya namna hiyo mwaka 1805 kwa matumizi yake mwenyewe. Aliichapisha mwaka 1852, akiwa na miaka 73. Hakuipanga kwa alfabeti. Aliyagawa mawazo yote ya binadamu katika mafungu makubwa sita, kuanzia mahusiano ya dhahania, nafasi na mata, hadi akili, utashi na hisia, na chini yake akapanga vichwa 1,000, wazo na kinyume chake vikikabiliana. Neno kama run haliwezi kukaa chini ya kichwa kimoja katika mpango huo. Limetawanyika: kwenye mwendo, kwenye majimaji, kwenye kudumu, kwenye uongozi. Faharasa ya mwisho ndiyo inayomwongoza msomaji kutoka neno hadi kwenye nyumba zake zote. Roget alikufa mwaka 1869 akiwa na miaka 90, mwanawe akaipokea kazi, kisha mjukuu wake.

Roget hakueleza tofauti za visawe. Alidhani msomaji anazijua, anachohitaji ni kukumbushwa tu. Wengine walijitwika mzigo huo, kama Hester Piozzi, rafiki wa Johnson, mwaka 1794, na George Crabb mwaka 1816. Wao waliona ukweli ambao kila mwandishi huufikia mapema au baadaye: visawe kamili karibu havipo. Chukua maneno ya Kiingereza yanayokaa jirani na run katika maana ya miguu. Sprint ni mbio fupi ya nguvu zote. Jog ni mbio ya taratibu, ya afya. Bolt ni kuchomoka ghafla kama farasi aliyeshtuliwa. Scurry ni hatua fupifupi za haraka, za panya au za mtu mwenye wasiwasi. Flee kinataka hatari nyuma yako, na miguu si lazima, kwa kuwa anayeikimbia nchi yake anaweza kuondoka kwa ndege. Ukiweka kimoja mahali pa kingine sentensi inabaki sahihi, lakini aliyekuwa akikimbia amegeuka kuwa mtu mwingine.

Hazina hiyo sisi tunayo, ila tumezoea kuipita. Mtu wa pwani aliyefuga punda hakusema tu kwamba punda anakimbia. Kulikuwa na kwenda telki, mwendo wa haraka usiofika mbio. Kulikuwa na kwenda matiti, mbio za kudundadunda. Kulikuwa na kwenda shoti, mbio za kurusha miguu yote. Kwa binadamu tuna kutimua mbio, kuchomoka, kutimka, kutoroka, na mchakamchaka wa shuleni ambao haukosi wimbo. Anayetoroka ana wa kumkwepa. Aliyetimka huenda hakufukuzwa na yeyote. Tofauti hizo zinahitaji mtu wa kukaa nazo kama Gilliver alivyokaa na run.

Uvumilivu wa namna hiyo ulionekana pia Glasgow. Mwaka 1965 Michael Samuels wa chuo kikuu cha huko alipendekeza maneno yote ya kamusi ya Oxford yapangwe upya kwa mawazo, kila neno likiwa na tarehe zake, ili mtu aone wazo moja lilivyovaa maneno tofauti karne hadi karne. Wafanyakazi na wanafunzi walinakili maana moja moja kwenye karatasi. Mwaka 1978 jengo lao lilishika moto. Karatasi zilisalimika kwa kuwa zilikuwa ndani ya makabati ya chuma. Christian Kay, aliyeingia katika kazi hiyo akiwa msaidizi kijana, ndiye aliyeiongoza mpaka ikachapishwa mwaka 2009, miaka 44 baada ya kuanzishwa, ikiwa na maana zipatazo 800,000.

Murray hakuiona kamusi yake ikikamilika. Alifariki mwaka 1915, na juzuu ya mwisho ikatoka mwaka 1928, jumla ya vidahizo 414,825 na nukuu zaidi ya 1,800,000. Wahariri wa leo hawatandazi karatasi peke yake. Wana hifadhi za matini zenye mabilioni ya maneno, na kwenye skrini kila mfano wa run husimama katikati ya mstari wake, maneno machache kushoto na machache kulia, mistari elfu moja juu ya elfu nyingine. Kompyuta inawaletea mifano kwa sekunde. Kuamua kama bomba na pua zikae pamoja bado ni kazi ya mtu aliyeketi na kufikiri.

Kiswahili nacho kina mafundi wake wa kusifiwa. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ikiwa na maelezo marefu na sentensi zilizosikika kwa watu. A. C. Madan alitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903, zote kutoka mtambo uleule wa Oxford uliokuwa ukichapa kamusi ya Murray. Charles Sacleux alichapisha yake Paris mwaka 1939, akionyesha neno gani ni la lahaja gani. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambamo Kiswahili kilielezwa kwa Kiswahili. Mwaka 1998 ikaja kamusi ya visawe ya Mohamed na Mohamed, na mwaka 2015 Kamusi Kuu ya BAKITA.

Fungua yoyote kati ya hizo za Kiswahili kwa Kiswahili kwenye kitenzi piga, usome kitomeo chote badala ya mstari wa kwanza. Piga pasi, piga picha, piga kura, piga magoti, piga mswaki, piga hodi, piga mbizi, piga ramli, piga mnada, piga marufuku. Je, piga ya kura ni maana mojawapo ya piga, au piga kura ni nahau inayostahili kusimama peke yake? Katika piga mswaki, kinachopigwa ni nini? Aliyepanga ukurasa huo aliyajibu maswali hayo yote, na majibu yake tunayapitia kwa kidole kimoja tukitafuta tahajia.

Kinachokosekana kwetu ni nukuu zenye tarehe. Mifano mingi katika kamusi zetu imetungwa na watunzi wenyewe ili kufafanua, nayo inafaa kwa kazi hiyo, lakini haituambii piga simu ilianza kuandikwa lini wala nani alikuwa wa kwanza kuandika kwamba programu inaendeshwa. Ushahidi tunao. Ipo hati ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728, lipo gazeti la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, vipo vitabu vya Shaaban Robert, zipo barua, na yapo magazeti ya miongo yote iliyofuata. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu asihangaike na istilahi adimu. Achukue kitenzi kimoja cha kila siku, piga au toa au kaa au pata, akikusanyie nukuu, mwaka, mwandishi na ukurasa, azitandaze mezani, aanze kuzitenga. Kitenzi kimoja kilichochambuliwa hivyo kitaifaa kamusi ijayo kuliko maneno mapya mia moja yaliyoorodheshwa bila ushahidi.